Zungusha Sanamu

Madame Constance alikuwa na amri mbili tu darasani, na wanafunzi wake walizijua kama majina yao. Ya kwanza ilikuwa "Zima symétrie!" Ya pili, "Zungusha!" Alizitoa kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, na wauza karanga wa mtaa wa Katuba waliopita chini ya dirisha walikwisha kuzizoea. Mmoja wao alikuwa akimwambia mtoto wake "Zungusha!" kila alipomwosha masikio.

Kazi yake ilikuwa kufundisha vijana kufinyanga sanamu za watu ndani ya kompyuta. Udongo uko kwenye skrini, kidole ni kalamu ya plastiki, na mtu unayemfinyanga unaweza kumgeuza mbele, nyuma, hata kumchungulia chini ya nyayo, jambo ambalo mtu wa kweli hakubali upesi. Wala haikuwa kufinyanga tu. Constance alitaka sanamu zisikie kitu: furaha, hasira, wivu, aibu. Hapo ndipo vichekesho vilipoanzia.

Maana programu ile ilikuwa na kitufe cha symétrie. Ukikiwasha, ukavuta bega la kushoto, la kulia linafuata lenyewe. Unafanya nusu ya kazi, unapata mtu mzima. Mvivu gani angekizima? Basi mwanzoni furaha ya mwanafunzi Osée ilinyanyua mikono miwili sawasawa, kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Hasira ya Bénit ilishika kiuno huku na huku ikafanana na sufuria. Na nyuso je! Midomo ilipinda kama mwezi mchanga, machozi makubwa kama maembe. Constance aliyatazama yale machozi, akafuta nyuso za darasa zima, akawaachia mayai matupu juu ya shingo.

"Sura inajua kudanganya bantu," aliwaambia. "Mwili hauna ile akili. Muntu akisikia kitu mu roho, upande moja unapanda, ingine unashuka. Njo maana muzime symétrie. Na muzungushe! Kwa mbele kila muntu anajipanga. Ukweli iko ku mugongo."

"Sasa, Madame," Osée akauliza, kwa kuwa Osée hakuumbwa ili anyamaze, "yai yangu itacheka na nini?"

"Itacheka na goti."

Walicheka mpaka Bénit akaangusha kiti. Lakini wiki ile ile Osée alifinyanga goti linalocheka, goti kweli kweli, ukiliona unacheka nalo. Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha tena.

Chumba chao kilikuwa ghorofani, na chini yake palikuwa depo ya Elisée Kataliko: magodoro, sabuni, makopo ya nyanya, mafuta ya kupikia. Elisée alikuwa mfanyabiashara, Mnande wa Butembo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye suruali ndefu zilizofunika viatu na maneno mafupi yasiyofunika chochote. Umeme wa mjini ulipokatika, nao umeme hukatika, yeye aliwasha jenereta yake na kupandisha waya mmoja ngazini hadi kwenye kompyuta za Constance. Hakuombwa. Alipanda siku moja na waya begani, akauchomeka, akashuka.

Tangu hapo alikuwa akija kila siku. Anabisha hodi, anaingia, anasimama katikati ya chumba akiwa ameunganisha miguu, kofia ameishika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Taa zinawaka juu ya kichwa chake. Kompyuta zote zinang'aa. Naye anauliza:

"Madame, courant inafika?"

"Inafika, Monsieur Kataliko. Merci."

"Aya."

Kisha anaondoka. Mazungumzo yao yalikuwa hayo tu, msimu wote wa mvua na sehemu kubwa ya kiangazi.

Sasa tuseme lililopo, tusizunguke mbuyu. Constance alimpenda. Alimpenda kwa ule waya, kwa ile kofia, kwa lile "aya" lililotoka kama kifuniko cha chupa. Alimpenda hata jenereta ikinguruma alisikia muziki, na mtu akifikia hapo, ndugu yangu, hana dawa. Naye, mwalimu wa miili, aliutazama mwili wa Elisée kila siku akitafuta dalili: bega lililoshuka, kidole kinachocheza, shingo iliyopinda kidogo tu. Hakuona kitu. Mabega yamelingana, viwiko vimelingana, miguu imelingana. Symétrie tupu! Basi akajijibu kwamba mtu huyu anapenda jenereta yake, na huja kuulizia hali yake kama mtu anavyoulizia mtoto aliyempeleka shule.

Kisha Osée akaleta habari. Osée ndiye aliyekuwa akileta habari zote, hata zile ambazo hazikuwa na haraka.

"Madame, munajua Papa Kataliko anahama? Depo anaachia ndugu yake. Yee mwenyewe anaenda kufungua ingine ku Mokambo, ku mupaka kabisa. Lundi anapakiza bintu."

Kalamu ikamponyoka Constance. Aliinama kuiokota, akakaa huko chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu moja inavyohitaji.

"Ni muzuri," alisema alipoibuka. "Kule business iko."

Halafu akaenda kwa Chance, msichana mpole aliyekaa dirishani, akamrekebishia kiwiko cha sanamu yake, kilichokuwa hakina kosa, mpaka kikawa na kosa.

Lililomuuma lilikuwa moja: Elisée ataondoka bila kujua. Kama angejua kisha akaondoka, sawa, angelia akamaliza. Lakini kumwambia vipi? Kwao, mtaa wa Makomeno, mwanamke hatangulii kusema. Mama yake, Maman Espérance, binti wa fundi wa reli kutoka Kongolo, angeugua kwa kusikia tu. Na hata kama angetangulia, akamwambia yote, halafu yule mtu akajibu "aya"? Constance aliona heri afe na siri yake kuliko kufa na lile neno.

Maonyesho ya mwisho wa mwaka yalipangwa Jumamosi, siku mbili kabla ya Jumatatu ya lori la Mokambo. Mwaka uliopita wageni walisifu, kisha mama mmoja akasema kwamba sanamu zote zinafanana, kana kwamba zimetoka mkono mmoja. Ilikuwa kweli. Constance alikuwa amesahihisha hapa, amegusa pale, mpaka kazi zote zikawa zake. Safari hii aliapa mbele ya darasa: hatagusa, hatatazama, ataziona Jumamosi pamoja na watu wengine. Mada watachagua wenyewe.

Walikusanyika pembeni, wakanong'ona, wakasukumana, wakacheka kwa kuziba midomo. Léa, mkubwa wao, msichana mwenye macho ya mshonaji, ndiye aliyetumwa.

"Tunataka 'kupenda bila kusema', Madame."

"Ee, mweye batoto!" Constance akacheka, kwa maana alidhani ni ujana unawasumbua. "Aya, muzuri. Lakini musitunge mu kichwa. Kila muntu atafute muntu wa kweli mwenye kupenda, amuangalie mwili wake bien bien. Na musiniambie ni nani. Ile ni siri yake."

"Hatutasema," wakaitikia kwa pamoja, na Bénit akapatwa na kikohozi.

Juma lile wanafunzi walikuwa na bidii ya kutisha. Walifika mapema. Walimtazama mwalimu bila kupepesa. Elisée akibisha hodi, darasa zima lilinyamaza kwa ghafla, kalamu zikaanza kukwaruza kwa kasi, na Léa akamwambia mwalimu wake asogee kidogo, anaziba mwanga. Constance akasogea. Alifurahi kwamba hatimaye wamejifunza kutazama. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na tuwaachie hapo hapo.

Jumamosi mchana depo iligeuka ukumbi. Madirisha yalizibwa kwa maboksi, shuka jeupe likatundikwa mbele ya rundo la magodoro, na magodoro mengine yakalazwa chini wageni wakae. Ukikaa kwenye godoro jipya na jirani yako akaketi, wewe unarushwa. Basi hata kabla ya kuanza watu walikuwa wanacheka. Palikuwa na chikanda ya viazi pori na karanga iliyokatwa vipande, palikuwa na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo, na palikuwa na Maman Espérance katika safu ya mbele, kitenge kipya, kilemba kirefu, na sauti ambayo haikuhitaji umeme.

Elisée alikuwa karibu na mlango, miguu pamoja, kofia kifuani. Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma. Constance alisimama upande wa pili, karibu na projekta, akijaribu kutotazama huko, na shingo yake ikishindwa.

"Kila sanamu haina sura," aliwaambia wageni. "Mutaangalia mwili, mutatuambia anasikia nini."

Bénit alitangulia. Juu ya shuka akatokea mwanamke mwenye kichwa cha yai, anazunguka polepole. Uzito wake wote uko mguu wa kushoto. Mguu wa kulia umeinuka, na unyayo wake unajisugua kwenye shavu la mguu mwingine.

"Siafu imemuuma!" akapaza baba mmoja.

"Anatafuta choo!" akajibu mwingine, na magodoro yakatikisika.

Ikaja ya Chance. Mwanamke tena, mguu wa kushoto tena, unyayo wa kulia unasugua tena. Mkono mmoja umepita mgongoni ukashika kiwiko cha mwenzake. Ikaja ya Osée: mguu, unyayo, kiwiko, na sasa shingo, shingo ndefu iliyopinda kuelekea pembeni kama inayosikiliza mlango. Ikaja nyingine, na hiyo ilikuwa na kamba shingoni, na kwenye kamba kitu kidogo bapa, na vidole vinakichezea.

Constance alikunja uso. Mwaka huu hakugusa chochote, na bado zinafanana! Watoto hawa wameigana, akajisemea, nao nitawaonyesha Jumatatu. Vidole vyake vilikuwa vinachezea flashi yake ndogo ya kompyuta, ile anayoivaa shingoni kwa kamba.

Ndipo Maman Espérance akasimama. Kusimama juu ya godoro si kazi ndogo. Aliyumba, akashika kichwa cha jirani, akanyoosha kidole kwenye shuka.

"Mawe! Lakini uyu si Constance yangu?"

Watu wakanyoosha shingo kutazama shuka.

"Ni yee! Angalieni ule mukulu, ule muguu unasugua! Tangu mutoto, akitaka munkoyo na anaogopa kuomba, anasugua mukulu vile vile. Nilikuwa namuambia, wee, omba, kinywa ni ya kuomba! Constance! Unataka nini sasa?"

Watu wote waligeuka kumtazama Constance. Naye akajitazama. Mguu wa kushoto umebeba uzito wote. Unyayo wa kulia uko kwenye shavu la mguu, unasugua. Mkono mgongoni, kiwiko kimeshikwa. Flashi vidoleni. Na shingo, shingo msaliti, imeelekea mlangoni, ambako amesimama Elisée Kataliko.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini hata kikohozi hakionyeshwi kwenye shuka la mita tatu mbele ya mama yako. Joto lilimpanda kutoka miguuni hadi kwenye nywele. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Katuba, ambayo hupasuka bila kuombwa kila masika, siku hiyo ilitulia tuli. Mtu mmoja alicheka, halafu wawili, halafu depo nzima, kicheko cha furaha kisicho na ubaya, lakini kwake kilikuwa moto. Maana Elisée hakucheka. Elisée hakusogea. Mabega sawa, viwiko sawa, kofia kifuani. Sasa amejua, Constance akawaza, na hana la kusema. Sasa kilichobaki ni "aya".

"Bado moja," akasema Léa.

"Léa, inatosha," Constance akasema, mkono wake ukielekea kwenye projekta.

"Madame, muliapa hamutagusa."

Kwenye shuka akatokea mwanamume. Kichwa cha yai, miguu pamoja, mikono miwili mbele ya kifua imeshika kofia. Amenyooka kama mlango wa kanisa, kushoto na kulia havina tofauti hata ya ukucha. Osée hakuweza kujizuia.

"Léa, umesahau! Symétrie!"

"Zima symétrie!" wakapokea wanafunzi, na wageni, ambao hawakujua ni nini lakini walipenda mlio wake, nao wakapaza, "Zima symétrie!" Hata muuza karanga aliyekuwa akichungulia mlangoni alipaza.

Léa alisubiri wamalize. Kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Madame, ile siku ya kwanza mulituambia nini ingine?"

Constance alijua. Midomo yake ilitamka "Zungusha" bila sauti.

Léa akazungusha. Sanamu ikageuka ubavu, ikageuka mgongo, na hapo, chini ya pindo la suruali ndefu, palionekana jambo ambalo kwa mbele halikuwepo. Visigino havigusi sakafu. Vyote viwili vimeinuka, viatu vimesimama kwa ncha, na mwili mzima, ule mwili wa pasipoti, umeegemea mbele kama mtu anayetaka kuona ng'ambo ya ukuta.

"Mimi nakaa ku mulango, nyuma yake," Léa alisema taratibu. "Kila siku anaingia, namuona vile. Akitoka, mu ngazi, anakanyaga kawaida."

Ee, Constance! Mwalimu mzima! Miezi yote ile alimtazama mtu kutoka upande mmoja tu. Mganga hajigangi, ndivyo ilivyo, lakini huyu hata mkoba hakuufungua.

Akaanza kutembea. Alipita kati ya magodoro, akakanyaga kipande cha chikanda, akapita mbele ya mama yake, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alifika mbele ya Elisée. Alimzunguka. Alimzunguka taratibu kama anavyozungushwa mtu wa kwenye skrini, ubavu, mgongo, akainama, akainua pindo la suruali kwa vidole viwili.

Visigino vilikuwa juu. Vilikuwa vinatetemeka.

Constance akaanza kucheka. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamkunja, ikabidi ashike bega la Elisée asianguke, na lile bega likashuka. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, bega moja la Elisée Kataliko likawa chini ya jingine.

"Imezimika!" Osée akalia. "Symétrie imezimika!"

"Ju ya nini haukusema?" Constance akauliza akiwa bado na machozi ya kicheko.

Elisée alisema kitu. Jenereta ilinguruma.

"Ati?"

"Nilisema, kila mara naingia, unaangalia mulango! Nikafikiri unataka nitoke!"

"Nilikuwa naangalia mulango ju nilizoea kukungojea! Ukiingia nilikuwa naogopa kukuangalia mu macho!"

"Ati?"

"Njo maana unaenda Mokambo?"

Elisée akajibu, na jenereta ikakohoa juu ya jibu lake.

"Sisikii!"

"Hatusikie!" wageni wakalalamika, maana nao walikuwa na haki zao. "Ongeza sauti!"

"Zimeni ile groupe!" akaamuru Maman Espérance.

Elisée alivuta pumzi, akafumba macho, akafungua kinywa chote. Na wakati ule ule Bénit, mtoto mtiifu, akafika nyuma ya ukuta na kuizima jenereta. Shuka likawa tupu, mngurumo ukafa, na katika ukimya ule sauti ya mtu wa maneno mafupi ilitoka nzima, ikapita mlangoni, ikavuka barabara, ikafika kwa fundi viatu na kwa kinyozi na kwa foleni yote ya bomba la maji:

"NINAKUPENDA, CONSTANCE!"

Huko bombani mtu akapiga makofi.

Humo ndani palikuwa giza nusu, mwanga wa mlango tu. Elisée alifungua macho, akaona alichokifanya, na kofia ikamwanguka. Hakuiokota. Alitazama taa iliyozimika, akamtazama Constance, na kwa kuwa mazoea ni mazoea, akasema polepole:

"Madame, courant imekatika."

"Iache," Constance akasema. Unyayo wake wa kulia ulikuwa umekwisha panda nyuma ya mguu wa kushoto, unasugua. "Na usiniite Madame."

"Aya," akajibu Elisée.

Na Constance, aliyekuwa amelihofu neno lile kuliko kifo, akalisikia, akapiga vigelegele yeye mwenyewe kabla mama yake hajamtangulia.